Rudolf Diesel

Rudolf Christian Karl Diesel (Paris, Ufaransa, 18 Machi 1858 – Bahari ya Kaskazini, 29 Septemba 1913) alikuwa mhandisi na mvumbuzi wa Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kubuni injini ya dizeli, yaani injini inayowasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyogandamizwa, bila kutumia cheche ya plagi. Jina lake la ukoo limekuwa jina la injini hiyo na pia la mafuta yake katika lugha nyingi za dunia, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Malori, mabasi, meli, matrekta, jenereta na mashine nyingi za kusaga nafaka vijijini hutumia injini za aina hiyo. Hata hivyo, Diesel mwenyewe hakuishi muda wa kutosha kuona injini yake ikiendesha gari dogo la abiria. Alitoweka usiku akiwa safarini kwa meli, mwenye umri wa miaka 55, akiwa na madeni makubwa.

Utoto na familia

Diesel alizaliwa mjini Paris akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake, Theodor Diesel, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kutoka Augsburg, katika Bavaria, ambaye baadaye alitengeneza na kuuza bidhaa za ngozi. Mama yake, Elise Strobel, alitoka Nuremberg. Kwa hiyo mtoto alikua akizungumza Kijerumani nyumbani na Kifaransa mitaani na shuleni, na baadaye alijifunza pia Kiingereza. Lugha hizo tatu zilimsaidia sana alipokuwa akitafuta wanunuzi wa uvumbuzi wake katika nchi mbalimbali.

Mwaka 1870 ilianza vita kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani waliokuwa wakiishi Paris walilazimika kuondoka, na familia ya Diesel ilikimbilia London. Maisha huko yalikuwa magumu. Kabla vita havijaisha, Rudolf, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alipelekwa peke yake Augsburg akaishi na shangazi yake Barbara na mumewe, Christoph Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Katika nyumba hiyo ya mwalimu alipata utulivu wa kusoma, na akiwa bado kijana mdogo aliamua kuwa mhandisi.

Elimu

Alisoma katika shule ya ufundi ya Augsburg na kumaliza mwaka 1873 akiwa wa kwanza darasani, kisha akaendelea na shule ya viwanda mjini humo. Mwaka 1875 alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha ufundi cha Munich, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich. Wazazi wake walitaka aanze kazi mapema ili aisaidie familia, lakini ufadhili huo ulimwezesha kuendelea na masomo.

Miongoni mwa walimu wake alikuwepo Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za kutengeneza baridi na barafu. Katika masomo ya Linde kuhusu joto na kazi, Diesel alijifunza jambo ambalo halikumtoka tena akilini: injini ya mvuke ya wakati ule ilibadilisha sehemu ndogo tu ya joto la makaa ya mawe kuwa kazi, takriban asilimia 6 hadi 10. Sehemu iliyobaki ilipotea kupitia bomba la moshi, kuta za boila na mvuke uliotumika. Mwanafizikia Mfaransa Sadi Carnot alikuwa ameonyesha mwaka 1824 kwamba, kwa nadharia, mashine ya joto inaweza kufanya vizuri zaidi ikiwa tofauti kati ya joto lake la juu na la chini ni kubwa. Diesel alijiwekea lengo la kuikaribia nadharia hiyo kwa mashine halisi.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo na kukosa mtihani wa mwisho pamoja na wenzake. Alipokuwa akisubiri nafasi nyingine, alifanya kazi katika kiwanda cha Sulzer huko Winterthur, Uswisi. Alifanya mtihani mwezi Januari 1880 na kufaulu kwa alama za juu kabisa.

Kazi katika mashine za barafu

Baada ya masomo alirudi Paris kumsaidia Linde kujenga kiwanda cha barafu, na mwaka mmoja baadaye akawa mkurugenzi wake. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, na wakapata watoto watatu: Rudolf, Hedwig na Eugen. Mwaka 1890 familia ilihamia Berlin, ambako Diesel aliendelea kuitumikia kampuni ya Linde.

Katika miaka hiyo alitumia muda mwingi kujaribu injini iliyotumia mvuke wa amonia badala ya mvuke wa maji. Majaribio hayo hayakuzaa mashine ya kuuzwa, lakini yalimzoesha kufanya kazi na gesi zenye kani kubwa ya mgandamizo. Kutoka hapo alifikia wazo la kutumia hewa yenyewe: kuigandamiza mpaka iwe moto sana, kisha kuingiza mafuta kidogo kidogo ndani yake.

Wazo la injini ya mgandamizo

Msingi wa wazo hilo unaweza kueleweka na yeyote aliyewahi kujaza upepo kwenye baiskeli. Pampu huwa ya moto kwenye ncha yake, kwa kuwa hewa inayobanwa ghafla katika nafasi ndogo hupanda joto. Katika injini ya Diesel, pistoni huivuta hewa tupu ndani ya silinda, kisha huibana mpaka joto lake linapita nyuzi 500 za Selsiasi. Mafuta yanapopuliziwa katika hewa hiyo huwaka yenyewe, na gesi zinazopanuka huisukuma pistoni irudi chini.

Hapo ndipo penye tofauti na injini ya petroli iliyoendelezwa na Nikolaus Otto, ambayo huchanganya hewa na mafuta kabla ya kubana, kisha huwasha mchanganyiko huo kutoka nje. Mchanganyiko huo haubanwi sana, la sivyo utawaka kabla ya wakati wake. Injini ya Diesel hubana hewa peke yake, kwa hiyo inaweza kubana zaidi na kupata kazi nyingi zaidi kutoka kiasi kilekile cha mafuta.

Diesel aliomba hataza, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi, mjini Berlin mwezi Februari 1892. Alipewa hataza ya Ujerumani namba 67207 mwezi Februari 1893. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kuhusu nadharia na muundo wa injini yake, ambayo aliitaja kuwa mbadala wa injini ya mvuke na injini nyingine zilizojulikana.

Nadharia ya awali ilikuwa na kasoro. Diesel alitaka mafuta yaungue bila joto la ndani kupanda, na kwa ajili hiyo alihitaji mgandamizo mkubwa kuliko chuma cha wakati ule kilivyoweza kustahimili. Aligundua kosa hilo mwenyewe, akapunguza mgandamizo, akakubali joto lipande wakati wa mwako, na kuomba hataza nyingine mwishoni mwa mwaka 1893. Badiliko hilo liliiokoa injini, lakini liliwapa wapinzani wake hoja kwamba injini iliyojengwa haikuwa ile iliyoelezwa katika hataza ya kwanza.

Majaribio ya Augsburg

Heinrich von Buz, mkurugenzi wa kiwanda cha mashine cha Augsburg (ambacho baadaye kilikuwa sehemu ya kampuni ya MAN), alikubali kujenga injini ya majaribio. Kampuni ya Krupp ya Essen iliungana naye kugharamia kazi hiyo, na Diesel akapewa mshahara.

Tarehe 10 Agosti 1893 injini ya kwanza ilizungushwa kwa mkanda kutoka mashine za kiwandani, kisha mafuta yakaingizwa. Yaliwaka kwa nguvu kiasi kwamba kifaa cha kupimia kani kilipasuka, na vipande vyake vikaruka karibu na waliokuwepo. Injini haikuweza kujiendesha, lakini jambo kuu lilikuwa limethibitika: mafuta yaliwaka kwa joto la mgandamizo pekee.

Tarehe 17 Februari 1894 injini iliyofanyiwa marekebisho ilijiendesha kwa mara ya kwanza, kwa takriban dakika moja, ikizunguka mara 88 kwa dakika. Anayesimuliwa kuwa wa kwanza kuona kwamba sasa injini ndiyo inayouvuta mkanda ni fundi aliyeitwa Linder, ambaye alivua kofia yake kimya kwa heshima.

Ilichukua miaka mitatu zaidi kufikia mashine ya kuaminika. Tatizo kubwa lilikuwa namna ya kuingiza mafuta ndani ya silinda yenye kani kubwa na kuyasambaza vizuri. Hatimaye Diesel alitumia hewa iliyobanwa zaidi kutoka kompresa ya pembeni ili kuyapuliza. Kompresa hiyo ilikuwa nzito na ya gharama, na ndiyo sababu injini zake za kwanza zilifaa viwandani na melini lakini si kwenye magari.

Injini iliyosanifiwa na mhandisi Imanuel Lauster ilikamilika mwishoni mwa 1896. Ilikuwa na silinda moja yenye kipenyo cha milimita 250, na pistoni yake ilisafiri milimita 400. Mwezi Februari 1897 profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi. Ilitoa nguvu farasi 18 hivi na kubadilisha asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho hakuna injini nyingine ya joto iliyokuwa imekifikia. Mwezi Juni mwaka huo Diesel na Schröter walitangaza matokeo hayo mbele ya mkutano wa wahandisi wa Ujerumani mjini Kassel. Injini hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini Munich.

Mabishano kuhusu uvumbuzi

Umaarufu ulileta madai. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alikuwa amepata hataza mwaka 1890 kwa injini iliyopuliziwa mafuta mazito, na kiwanda cha Hornsby mjini Grantham kilianza kuitengeneza muda mfupi baadaye. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba heshima ya uvumbuzi huu ilipaswa kuwa yake.

Tofauti kati ya injini hizo mbili iko katika namna ya kuwasha. Injini ya Akroyd Stuart ilikuwa na kibuyu cha chuma kwenye kichwa cha silinda. Mwendeshaji alilazimika kukipasha moto kwa taa ya kupulizia kwa dakika kadhaa kabla ya kuizungusha, kwani mgandamizo wake haukutosha kuwasha mafuta peke yake. Injini ya Diesel haikuhitaji moto wa nje: joto lote lilitokana na kubanwa kwa hewa. Wahandisi wengi wamekubali kwamba huo ndio mchango wake halisi, ingawa kupulizia mafuta ndani ya silinda kulijulikana kabla yake.

Utajiri na kuanguka

Baada ya 1897 makampuni ya nchi nyingi yalinunua haki za kutengeneza injini hiyo. Kampuni ya Mirrlees ya Glasgow ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Adolphus Busch, mtengenezaji wa bia wa St. Louis, alinunua haki za Marekani kwa marki milioni moja. Emanuel Nobel alinunua haki za Urusi. Mwaka 1898 Diesel alihamishia haki zake kwa kampuni mpya kwa thamani ya marki milioni 3.5. Akiwa na umri wa miaka 40 alikuwa amekuwa milionea.

Hata hivyo injini zilizouzwa mwanzoni zilikuwa na matatizo mengi. Ile iliyofungwa katika kiwanda cha viberiti huko Kempten mwaka 1898 iliharibika mara kwa mara, na wanunuzi wengine walilalamika vilevile. Kile kilichofanya kazi mikononi mwa mafundi wa Augsburg kilishindikana mikononi mwa waendeshaji wasioizoea. Kiwanda ambacho Diesel alishiriki kukianzisha mjini Augsburg hakikufanikiwa. Mwaka huohuo afya yake ilivunjika kwa uchovu na wasiwasi, akalazwa kwa miezi kadhaa.

Fedha nazo hazikukaa. Alijenga nyumba ya kifahari mjini Munich, akaweka mali nyingi katika viwanja na visima vya mafuta, na kupata hasara. Kesi na mabishano kuhusu hataza viliendelea kumgharimu. Alikuwa mhandisi hodari lakini hakuwa na uangalifu wa mfanyabiashara.

Mawazo kuhusu jamii na mafuta ya mimea

Diesel hakubuni injini yake kwa ajili ya viwanda vikubwa pekee. Alitaka fundi mdogo, kama baba yake alivyokuwa, aweze kumiliki chanzo cha nguvu cha bei nafuu na kushindana na kiwanda chenye boila kubwa. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kiitwacho Solidarismus, kilichopendekeza wafanyakazi waunganishe akiba zao na kumiliki viwanda kwa pamoja. Nakala chache tu zilinunuliwa. Injini yake nayo ilikwenda njia nyingine: kwa kuwa ilikuwa kubwa na ghali, walionufaika kwanza walikuwa wenye mitaji.

Jambo lingine alilolitilia maanani lilikuwa mafuta ya mimea. Kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Jaribio hilo lilitokana na serikali ya Ufaransa, ambayo ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika, yaliyolima karanga kwa wingi, yangeweza kupata nishati kutoka mazao yao wenyewe. Injini ilifanya kazi vizuri bila kubadilishwa. Katika miaka yake ya mwisho Diesel alilizungumzia tena jaribio hilo na kuamini kwamba mafuta ya mimea yangekuwa na umuhimu siku za baadaye. Wazo hilo limefufuka katika utengenezaji wa dizeli itokanayo na mimea.

Injini yaingia baharini

Mafanikio makubwa ya kwanza yalikuja majini. Mwaka 1903 meli ya mafuta Vandal ilianza kutumia injini za dizeli katika mito ya Urusi, na mashua ya mizigo Petit-Pierre ikafanya vivyo hivyo katika mifereji ya Ufaransa. Jeshi la majini la Ufaransa lilizifunga kwenye nyambizi. Meli Fram, aliyoitumia Mnorwei Roald Amundsen katika safari yake ya Ncha ya Kusini iliyoanza 1910, ilibadilishiwa injini ya mvuke ikafungwa ya dizeli.

Mwaka 1912 meli ya Denmark Selandia ilisafiri kutoka Copenhagen hadi Bangkok kwa injini za dizeli, ikawa miongoni mwa meli kubwa za kwanza za aina hiyo kuvuka bahari kuu. Faida yake haikuwa katika kupunguza mafuta tu. Boila la meli ya mvuke lilihitaji saa nyingi za kuwashwa kabla ya safari, na kundi la wapakia makaa kulihudumia mchana na usiku. Injini ya dizeli iliweza kuanza kazi karibu mara moja, na bandarini ilizimwa kabisa.

Katika mwaka huo Diesel alitembelea Marekani, akatoa mihadhara na kupokelewa kwa heshima. Mwaka 1913 alichapisha kitabu kuhusu chanzo cha injini yake, akijibu waliodai kwamba haikuwa kazi yake.

Kifo

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli Dresden mjini Antwerp, Ubelgiji, akielekea Harwich, Uingereza, kuhudhuria mkutano wa kampuni ya injini. Alisafiri pamoja na wenzake wawili, George Carels na Alfred Luckmann. Walikula pamoja, wakatembea juu ya sitaha, na kwenye saa 4 usiku wakaagana. Diesel aliomba aamshwe saa 12 na robo asubuhi.

Asubuhi hakuonekana. Kitanda chake hakikuwa kimelaliwa, nguo ya kulalia ilikuwa imetandazwa vizuri, na saa yake iliwekwa mahali inapoonekana kutoka kitandani. Kofia na koti lake vilikutwa vimekunjwa karibu na ukingo wa sitaha ya nyuma. Siku chache baadaye mabaharia wa chombo cha Kiholanzi walikuta maiti baharini. Kwa kuwa ilikuwa imeharibika sana, walichukua vitu vilivyokuwa mfukoni na kuirudisha majini. Mwezi Oktoba mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Kabla ya safari Diesel alikuwa amempa mke wake mkoba na kumwagiza asiufungue mpaka wiki ifuatayo. Ndani yake zilikutwa fedha taslimu pamoja na hati zilizoonyesha kwamba akaunti zake za benki zilikuwa karibu tupu. Katika shajara yake, tarehe ya siku ya safari ilikuwa imewekewa alama ya msalaba. Kwa sababu hizo waandishi wengi wa maisha yake wanaona kwamba alijiua. Wengine wamedai aliuawa na wapelelezi au na wenye biashara ya mafuta, lakini hakuna ushahidi uliowahi kuthibitisha dai hilo. Eugen Diesel alikuwa mwandishi, na mwaka 1937 alichapisha kitabu kuhusu maisha ya baba yake.

Maendeleo baada ya kifo chake

Ili injini ya dizeli iingie barabarani, ilibidi kompresa ya kupulizia mafuta iondolewe. Prosper L'Orange, mhandisi wa kampuni ya Benz, alibuni mwaka 1909 chumba kidogo cha awali ambamo mwako huanzia. Katika miaka ya 1923 na 1924 kampuni za Benz na MAN zilionyesha malori ya dizeli. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutengeneza pampu ya kusukumia mafuta kwa wingi, na tangu hapo malori ya dizeli yaliongezeka haraka. Mwaka 1936 gari la Mercedes-Benz 260 D lilikuwa miongoni mwa magari madogo ya kwanza ya dizeli kuuzwa kwa umma.

Kuwasha injini ya dizeli ikiwa baridi

Kanuni ya Diesel ndiyo inayoeleza kwa nini injini ya dizeli huwa ngumu kuwaka asubuhi yenye baridi. Chanzo pekee cha moto ni hewa iliyobanwa. Ikiwa chuma cha silinda ni baridi, hunyonya sehemu ya joto hilo kabla mafuta hayajawaka. Oili iliyoganda kwa baridi huifanya injini izunguke polepole, na betri nayo hupungua nguvu. Katika nchi zenye baridi kali hata dizeli yenyewe hutoa nta inayoziba chujio. Injini zenye chumba cha awali husumbuka zaidi, kwani hewa hupita kwenye kuta nyingi za chuma. Kwa sababu hiyo zilifungwa plagi za kupasha joto zinazotumia umeme wa betri. Alama ya waya uliojisokota kwenye dashibodi humwonyesha dereva kwamba asubiri mpaka taa izimike ndipo apige stata.

Kusubiri huko kwa sekunde chache si sawa na desturi ya kuacha injini ingurume kwa dakika nyingi kabla ya kuondoka. Injini ya dizeli isiyobeba mzigo huchoma mafuta kidogo sana katika hewa nyingi, na kwa hiyo hupata joto polepole mno. Ubora uleule uliompa Diesel sifa, yaani kutopoteza joto ovyo, ndio unaoifanya isipate moto ikiwa imesimama. Katika hali hiyo mafuta hayaungui yote. Masizi huongezeka, na mafuta mengine huteremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Kwa gari la kawaida, hasa katika nchi za joto, inatosha kuwasha, kuhakikisha taa ya oili imezimika, kungoja nusu dakika hivi, kisha kuondoka taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu mpaka mshale wa joto upande. Injini iliyo baridi haipaswi kubebeshwa mzigo mzito wala kupandishwa mlima kwa kasi, kwa kuwa vipande vyake bado havijatanuka kufikia vipimo vyake vya kazi.

Malori na mabasi yenye breki za upepo yana sababu yao tofauti. Kama upepo umepungua usiku, dereva hulazimika kuacha injini ifanye kazi mpaka mitungi ijae, kwa maana bila upepo wa kutosha breki hazifanyi kazi inavyotakiwa. Dereva anayeonekana akingoja alfajiri kituoni mara nyingi hupasha injini na kujaza upepo kwa wakati mmoja. Desturi hiyo haina maana ikiigwa na mwenye gari dogo lisilo na breki za aina hiyo. Vilevile, injini haifai kuachwa ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa: mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Urithi

Injini kubwa za dizeli za meli za leo hubadilisha takriban nusu ya joto la mafuta kuwa kazi, na sehemu kubwa ya bidhaa zinazovuka bahari husafirishwa nazo. Wakati huohuo masizi na gesi zake zimekuwa tatizo kubwa la hewa katika miji mingi, na nchi kadhaa zimeweka sheria kali kuhusu moshi huo.

Mjini Augsburg kuna bustani ya kumbukumbu ya Diesel, yenye mawe yaliyoletwa kutoka Japani. Ilitolewa mwaka 1957 na Magokichi Yamaoka, mwanzilishi wa kampuni ya Yanmar, iliyotengeneza injini ndogo za dizeli kwa ajili ya wakulima na wavuvi. Kwa injini ndogo kama hizo, ndoto ya Diesel ya kumpa mtu wa kawaida chanzo chake cha nguvu ilitimia kwa kiasi fulani, miongo kadhaa baada ya kifo chake.